Ukiingiza Ngoma Yako Barabarani

Kama wewe ndiye kiongozi wa kundi la ngoma Mtongwe, Mishomoroni au Magongo, na umeambiwa kundi lako limepata nafasi katika Mombasa Carnival, jua kwanza kwamba ngoma mnayoijua siyo mtakayoicheza siku hiyo. Mnayoijua ni ya uani. Ina duara, ina watu wanaozunguka, na kila mara mmoja huingia katikati, akajimwaga, akatoka. Anayetazama amesimama mahali pamoja na ana saa nzima. Moi Avenue haina uani. Mtazamaji amebanwa ukingoni mwa barabara, ana mtoto begani, na kundi lenu linampita kwa dakika moja au pungufu. Katika dakika hiyo inabidi aione ngoma nzima.

Kazi kubwa, basi, ni kuitoa ngoma kwenye duara bila kuiua. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi. Karatasi, nguo na kivuko nitayagusa pia, maana yamewahi kuwavurugia siku watu waliokuwa wamefanya mazoezi kuliko wote.

Hakikisha tarehe kwanza. Kwa desturi Carnival huwa Novemba, lakini iko miaka iliyopita kimya, na njia ya maandamano nayo haikuandikwa msahafuni. Usinunue kitambaa kwa sababu ya picha uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Nenda ofisi ya utamaduni ya kaunti ukaulize: msafara unaanzia wapi na kuishia wapi, majaji watakaa upande gani, na mwishoni kuna jukwaa au hakuna. Ukikuta mwaka huo haipo, maandalizi hayapotei bure. Agosti Wagiriama humkumbuka Mekatilili wa Menza huko Malindi na Magarini, na watu huandamana kwa ngoma wakiwa na mahando yao. Lamu nayo ina tamasha lake la utamaduni, mara nyingi Novemba. Kundi lililozoea kutembea linapokewa kokote.

Sasa chagua ngoma. Viongozi wengi huchagua ile inayopigiwa makofi hotelini. Mimi ningeuliza: ngoma ipi kati ya zetu inajua kutembea? Pwani hii ilitembeza ngoma zamani kabla ya neno Carnival kufika. Zefe ya maulidi na twari zake ni ngoma ya njiani. Vugo ya wanawake, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti usiku wa harusi, hupita mtaa kwa mtaa. Haikuwahi kutaka jukwaa. Goma la Lamu wanaume hulicheza kwa mistari, bakora mkononi, mwendo wa taratibu. Na wajukuu wa Mombasa wasisahau beni. Miaka mia iliyopita vyama vya beni vya mji huu vilishindana barabarani kwa sare, tarumbeta na magwaride, kiasi kwamba mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Kwa hivyo akija mtu kukwambia kucheza barabarani ni mambo ya Brazil, mwache apite.

Wakazi wa Changamwe waliotoka Magharibi wana bahati nyingine. Isukuti hupigwa ikiwa imekumbatiwa kwapani, mpigaji akitembea, pembe ikilia mbele. Haihitaji kubadilishwa sana. UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kundi la Waluhya wa Magongo au Mikindani likijipanga vizuri linaweza kuwaaibisha wenyeji.

Sengenya ya Wadigo na Waduruma ni kesi ngumu kidogo, na ndiyo nitakayoitumia kama mfano kwa sababu Likoni ndiko kwao. Ni ngoma yenye adabu: hatua ndogo, mabega, kiuno kisichopiga kelele. Uzuri wake uko kwenye utulivu wa mchezaji juu ya ngoma zinazogombana chini yake. Ukiipeleka mbio unapata fujo. Nyimbo zake nazo ni ndefu na zina mafumbo na vijembe, na barabarani hakuna atakayesikia fumbo. Chagua wimbo mmoja, chukua kibwagizo chake, na uimbe hicho tu, kila mtu, kwa sauti moja, kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Mwimbaji wenu mkuu atalalamika. Mwahidi jukwaa.

Chakacha? Waulize wanawake wenyewe, na uwaulize wakiwa peke yao. Ilikuwa ngoma yao ya ndani, ya harusi, na hoteli zilipoichukua zikaifanya ya kiuno tu. Wapo mama wanaoicheza hadharani bila wasiwasi na wapo watakaokwambia haitoki nje ya ua. Majibu yote mawili ni sawa. Lisilo sawa ni kijana wa miaka ishirini kuwaamulia.

Kifudu ningeiacha. Najua hoja: Mekatilili aliicheza kijiji hadi kijiji mwaka 1913 alipokuwa akiwakusanya Wagiriama wakatae kodi na vibarua vya Waingereza, kwa hivyo kifudu imetembea kuliko ngoma zote. Kweli. Lakini ni ngoma ya msiba na ya wahenga, ina wenyewe, na mama aliyeipokea kwa masharti hawezi kuivisha mabango ya wafadhili. Mila za makaya ziliingizwa na UNESCO katika orodha ile ile ya isukuti, ya kulindwa haraka, mwaka 2009. Ukiona ngoma inahitaji ruhusa ambayo wewe huna, chukua gonda. Ni ya vijana, ina nguvu, na haimkosei mtu.

Hata ngoma ya kawaida, pitia kwa wazee. Kwa Mgiriama mazungumzo huanza na kadzama ya mnazi. Kwa mzee wa Kidigo aliye mwislamu, kahawa na haluwa zinatosha, na uende baada ya sala. Piga shikamoo, kaa chini, usianze na mambo ya Carnival. Ukishaulizwa shida yako, sema: "Mzee, tumeitwa mjini na ngoma yetu, nimekuja unielekeze nisije nikaitia aibu." Usiseme umekuja kuomba kuibadilisha. Mwoneshe kwa wachezaji watatu wanne jinsi itakavyotembea, halafu nyamaza. Mara nyingi atasimama mwenyewe akuoneshe hatua uliyoiharibu.

Sasa mpangilio. Katika jambo hili Wafilipino wametutangulia, na hakuna ubaya kuwaangalia. Mji wa Cebu hufanya Sinulog kila Jumapili ya tatu ya Januari, kwa heshima ya Mtoto Yesu. Maandamano ya ngoma kama yanavyojulikana leo yalianza mwaka 1980. Hatua yake ya msingi ni nyepesi: mbili mbele, moja nyuma, kwa ngoma. Watu huisoma kama maji ya mto yanayokwenda na kurudi. Kinachonifurahisha zaidi ni utaratibu wa zawadi. Kucheza barabarani kuna alama zake, na onyesho la uwanjani lina alama zake. Kundi linaweza kushinda moja na kushindwa jingine. Kwa hiyo viongozi wa kule hutunga vitu viwili tofauti. Sisi hutunga kimoja, cha jukwaani, kisha tukakikokota barabarani kikipumua kwa shida.

Jaribu hatua hiyo na sengenya. Mbili mbele, moja nyuma, na katika ile ya nyuma ndipo mabega yanapofanya kazi yake. Utaona ngoma haikupoteza utulivu. Lakini piga hesabu kabla hujaifurahia: hatua tatu zinakusogeza hatua moja. Kama hatua ya mchezaji wako ni nusu mita, kilomita moja ni hatua 6,000. Mama wa miaka hamsini na tano atazimaliza, amezoea. Kijana wa mazoezi ya Jumapili moja moja ataanza kuvuta miguu kabla hamjafika kwenye zile Pembe kubwa za Moi Avenue.

Duara lisife lote. Lifungue liwe nusu mwezi, uwazi ukitazama mbele, mchezaji wa katikati akiwa ndani ya uwazi huo. Kila kibwagizo kikiisha, wa katikati anarudi nyuma kwa kupita upande wa kushoto, na mwingine anaingia kutoka kulia. Anayetazama ukingoni atamwona mmoja akiingia au akitoka, na hiyo inatosha kumwambia kwamba hapa kuna duara. Nyuma ya nusu mwezi panga mistari ya watu wanne wanne. Mikono ikifunguka mchezaji anataka kama mita moja na nusu, kwa hivyo wanne hujaza njia mbili za magari bila kugongana. Watu ishirini na wanne waliopangwa hivyo wanaonekana wengi kuliko arobaini waliolundikana.

Kisha kosa ambalo hufanywa na karibu kila kundi lililozoea jukwaa. Kwenye jukwaa watu wako mbele yako. Barabarani mbele yako kuna mgongo wa kundi jingine. Watu wako kushoto na kulia. Kundi zima likitabasamu kuelekea mbele, linalitabasamia lori la spika. Aliye ukingoni kushoto ageuze uso na kifua kushoto, wa kulia kulia, na wawili wa kati wabadilishane kila kibwagizo. Fanya mazoezi ya hili mpaka lisiwe la kukumbushwa. Ni jambo dogo, na ndilo litakalowafanya watu wa ukingoni wapige vigelegele nanyi badala ya kuwarekodi tu.

Ngoma zenyewe zitembeeje? Chapuo, ngoma ndogo, inaweza kufungwa kamba na kuvaliwa. Vumi na bumbumbu, hapana. Kuna vikundi hubeba ngoma kubwa wawili wawili huku wa tatu akipiga kinyumenyume. Baada ya mita mia mbili mdundo unayumba. Wengine huzirekodi na kuziweka kwenye spika ya gari, jambo ambalo mimi siliiti ngoma. Mimi nashauri mkokoteni. Tafuta hamali anayejua kazi, kama wewe ni wa Kisauni mtafute soko la Kongowea, mlipe siku nzima, na umfanyishe mazoezi kama mchezaji mwingine, kwa sababu yeye ndiye atakayeshika mwendo wa kundi. Tandika magunia juu ya mbao ili ngoma zisiruke, zifunge miguu kwa kamba ya katani, zungushia makuti na leso, na mpigaji akae juu yake. Mkokoteni wa Mombasa una heshima yake; watu watashangilia kabla hata hajagusa ngozi.

Uweke katikati ya kundi, si mbele wala nyuma. Ukiuweka mbele, walio mstari wa mwisho watasikia mdundo wa kundi linalowafuata na kuanza kuchanganyikiwa. Ukiwa na chapuo mbili, moja itembee na mstari wa mwisho kabisa kuwashika.

Mpuliza nzumari anahitaji ulinzi wake. Hulijaza shavu hewa na kuendelea kupuliza huku akivuta pumzi kwa pua, na kile kilimi cha ukuti kiko ndani ya mdomo. Akigongwa na kiwiko cha mtu, anaumia kweli. Mpandishe mkokotenini au mzungushie wachezaji wawili warefu. Awe na vilimi vya akiba mfukoni, vimefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo.

Na ngozi. Kwenu ngoma ikilegea unaiwashia makuti na kuiotesha moto mpaka iseme. Moi Avenue hakuna moto. Novemba ni vuli, asubuhi yenye manyunyu hulegeza ngozi, mchana wenye jua huikaza kupita kiasi. Zisafirishe zimefunikwa turubai. Mkifika, zianike juani, mtu akizigonga kila baada ya muda mfupi kwa kidole kusikia sauti ilipofika; ikishafika, zirudishe kivulini. Chukua ngoma moja ya akiba iliyowambwa tayari. Kuwamba upya siku hiyo ni ndoto.

Miguu sasa. Ngoma zetu nyingi huchezwa peku, na picha za peku ni nzuri, lakini lami ya saa saba mchana si udongo wa Mwele. Weka kiganja chako juu yake. Ukishindwa kukiacha hapo ukahesabu hadi kumi, hakuna mtoto wa mtu atakayeikanyaga kilomita nzima. Makubadhi ya ngozi yenye ukanda wa kisigino yanafaa na hayaharibu vazi. Champali zitakatika, na kila inayokatika ni mchezaji anayeinama katikati ya mstari. Njuga zisifungwe juu ya ngozi tupu. Zungusha kwanza kitambaa cha pamba mguuni mara mbili, maana chuma na jasho huchuna mguu.

Mazoezi ya mchangani, Shelly au Bamburi, yanajenga nguvu ya paja lakini yanadanganya mwendo. Mchanga unakupunguza kasi. Nusu ya mazoezi yawe juu ya lami, ndani ya mtaa, asubuhi ya Jumapili kabla magari hayajaamka. Changamwe msithubutu Barabara ya Magongo wala njia yoyote ya matrela ya bandarini. Mwombeni mwalimu mkuu uwanja wa shule mchore barabara kwa chokaa, upana wake halisi.

Kabla ya kushona nguo jiulizeni mnawaambia watu nini. Kundi la Cebu, au la Bacolod huko huko Ufilipino, halitoki kucheza tu. Linatoka na hadithi. Bacolod yenyewe ilianzisha MassKara, tamasha la vinyago vinavyocheka, mwaka 1980, bei ya sukari ilipoanguka na meli Don Juan ilipozama na watu wa mji huo. Mtongwe tunalijua jambo hilo kwa jina na tarehe: 29 Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa. Sisemi kila kundi la Likoni libebe msiba ule. Nasema mitaa yetu ya nje ya kisiwa ina hadithi zake na hazijachezwa. Kisauni ina kengele ya Freretown, kijiji cha wamisionari wa CMS cha mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani, ambayo imewapa watu jina la Kengeleni na bado iko kando ya barabara. Changamwe ina reli, bandari na makabila yaliyokutana kwenye mlango mmoja wa plotini. Isukuti na sengenya zikipishana katika kundi moja, hiyo ni Changamwe bila maelezo. Hadithi iwe moja, ionekane kwa vazi moja au kitu kimoja kinachobebwa. Mbili ni nyingi kwa dakika moja ya mtazamaji.

Kwa leso nenda Biashara Street na ununue kwa korja. Ishirini kwa pamoja hushusha bei, na mnakuwa na rangi moja. Chukua miji mikubwa na rangi mbili, kwa sababu vimaua vidogo kwa mbali huonekana kama vumbi. Soma jina la leso kabla hujalipa. Kuna kundi litakalopita mbele ya mgeni rasmi limefunga maneno ya kumsuta mke mwenza. Hando likishonwa upya liwe na mkanda imara wa kiuno, mambo ya pini yaachwe, na kila anayelivaa alijaribu kwa kuruka. Mfadhili akitaka bango, lake ni moja, mbele, kwenye vijiti viwili. Fulana yenye nembo juu ya hando nitaipinga mpaka mwisho.

Karatasi hazina raha, basi kwa kifupi. Sajilini kundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022: wanachama kumi au zaidi, katiba, kumbukumbu za kikao, vitambulisho. Bila cheti cha usajili hamtalipwa kwa akaunti ya kundi. Njia ya Carnival ni kazi ya waandalizi wake, lakini mkifanya maandamano yenu ya mtaani, na nashauri mfanye moja kama mazoezi ya mwisho, andikieni OCS wa eneo lenu. Sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa ya mikusanyiko ifike si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, ikitaja mwandalizi, njia na saa, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mtu atakwambia ngoma si siasa, haihitaji barua. Peleka barua. Baki na nakala iliyogongwa muhuri, utembee nayo.

Watoto wawe na barua ya mzazi na namba ya simu ya mzazi imeandikwa kwa wino mkononi.

Kufika kisiwani ni mtihani kwa kila upande, ila Likoni ndio wenye mtihani mkubwa. Kwa miguu kivuko ni bure, lakini kundi la watu arobaini likiingia katika umati wa Ferry hutoka vipande vipande. Vukeni asubuhi, mapema kuliko mnavyodhani inafaa, mkiwa na nguo za kawaida. Mavazi yaende kwa gari na mtu mmoja. Gari hilo linaweza kuzunguka Dongo Kundu hadi Miritini na kuingilia Makupa, likakwepa foleni ya feri, ingawa mafuta yatakuwa mengi. Mkokoteni msiuvushe. Kodini wa kisiwani na mwende kuupamba huko. Kisauni mna Daraja la Nyali, na siku ya tamasha Buxton hujaa. Wenye nguvu washukie Kongowea wamalizie kwa mguu. Changamwe mna Makupa, ambayo ni nafuu, mradi msikutane na trela lililokwama.

Tafuteni mapema mahali pa kubadilishia nguo: ukumbi, shule, nyumba ya jamaa Majengo. Penye choo. Viongozi wanaume hulisahau hili kila mwaka, na wasichana huishia kutokunywa maji tangu asubuhi kwa kuogopa haja, halafu wakazimia wakati ngoma imekolea. Maji yawe ya kutosha, yenye chumvi na sukari kidogo, yabebwe chini ya mkokoteni. Madafu ni mazuri zaidi lakini yanywewe kabla, si katikati ya mistari. Chakula kiliwe saa mbili kabla ya kuanza, chepesi: mahamri na mbaazi ndiyo, pilau baadaye.

Msafara hauanzi saa iliyoandikwa. Mtakaa juani mkisubiri wageni rasmi. Wakalishe watu kivulini, zima ngoma, kataza kucheza. Vijana watataka kuwaonesha makundi mengine, na makundi yanayotamba kwenye kusubiri ndiyo yanayotembea yakipepesuka barabarani. Mkianza, ule mwendo wa mazoezi ndio huo huo. Mwenye kusimamia barabara akiwapigia kelele mzibe pengo mbele, hamali aongeze hatua kidogo, wachezaji waache ile hatua ya nyuma kwa muda, kisha warudi. Kwenye Pembe wapiga picha hujazana. Msimalize nguvu zenu hapo. Nguvu ziwekwe pale walipo majaji, na ndiyo maana nilikutuma uulize wako wapi.

Kuna adhana pia. Alasiri itawakuta njiani kati ya saa tisa na saa kumi. Pangeni ishara mapema: mpigaji mkuu akiinua mkono, ngoma zinyamaze, kundi litembee kwa njuga tu mpaka adhana iishe. Hakuna jaji anayekata alama kwa hilo, na mji utawakumbuka kwa wema.

Mkimaliza hesabu watu, hesabu ngoma, halafu ndiyo pilau. Hakuna anayeachwa Ferry au Buxton ajitafutie usiku. Kundi linarudi kama lilivyokuja, na kiongozi ndiye wa mwisho kushuka.

Akija mtu na kamera akitaka kuwarekodi kwa tangazo, mwelekeze kwa katibu. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, ngoma zikiwemo, na inataka jamii husika ikubali kwanza, kwa kuelewa. Msitie sahihi siku hiyo mkiwa mmechoka na mna njaa. Fedha zozote, ziwe za nauli au za zawadi, zitangazwe mbele ya wote ndani ya wiki moja, kwa karatasi, hamali akiwa amelipwa kabla ya mwenyekiti. Leso ziloweshwe kwa maji ya chumvi zisichuje. Ngozi za ngoma zilegezwe, zipakwe mafuta ya nazi kidogo, zihifadhiwe mbali na moshi na panya. Baada ya hapo rudi ofisi ya utamaduni na uombe karatasi ya alama za majaji. Wakisita, omba tena kwa barua, ukitenganisha maswali: barabarani tulipata ngapi, jukwaani ngapi.